Glasi Ambayo Bi Yasmina Hakuionja

Ukimwona mwalimu Kasilda huwezi kumdhania muuaji. Ni mwembamba, anafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi kule Nyarusange, na akija Gitega hufika amechoka kwa sababu baiskeli yake huisukuma zaidi ya anavyoipanda. Magari yanamtisha. Ukimsalimia anaijibu salamu yote, ya nyumbani, ya kazi, ya watoto na ya mvua, namna walivyomlea Tanzania. Lakini ni kalamu yake iliyomuua Mzee Chabani, mfanyabiashara wa kahawa, ikamlaza kifudifudi katika ghala lake mjini Muyinga, halafu ikatuacha tunaulizana kila Alhamisi jioni nani kafanya.

Mimi naitwa Amissi. Katika tamthilia yetu nilikuwa mshika kipaza sauti, kazi ambayo watu huigundua siku inapoharibika tu. Nina ugomvi wa kudumu na majogoo, na pikipiki, na wale wanaosubiri kimya kitawale ndipo wakohoe. Kwa hiyo nikimsifu mtu, mjue nimefikiri. Namsifu Kasilda kwa sababu nina deni la shukrani ambalo halilipiki kwa kumwambia asante mlangoni.

Alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita. Huko hakukuwa na televisheni, kulikuwa na foleni ya maji. Watoto walipanga ndoo zao na kukaa, na Kasilda akawa anawasimulia mambo ya kubuni, ya mtu aliyepotea, ya mbuzi aliyeibwa na jirani mwema kuliko wote. Zamu yake ya kuteka ikifika alikata hadithi palepale. Wenzake wakaona dawa ni moja tu, wakawa wanamrudisha nyuma ya foleni aendelee kusimulia. Mama yake, Vumilia, alisubiri maji ya ugali mpaka akachoka, na siku moja akaenda na fimbo. Akasimama nyuma ya watoto asikie huyo mwizi wa mbuzi ni nani, kisha wakarudi nyumbani wote wawili bila kupigana. Kasilda anasema hapo ndipo alipojua kwamba ana kitu.

Walirudi Burundi akiwa msichana mkubwa, wakaenda Gishubi kwenye shamba la babu. Akasoma, akawa mwalimu. Anatoli, mpiga picha za harusi wa Gitega ambaye siku zote alitamani kupiga kitu kisichokuwa harusi, aliona mchezo ambao wanafunzi wa Kasilda waliucheza siku ya kufunga shule. Mchezo ulihusu chaki iliyoibwa. Anatoli alisahau kwamba alikuja kumchukua mpwa wake, akakaa mpaka mwizi akapatikana. Wakaanza kuongea, na katika kuongea ikazaliwa tamthilia yetu, Nani Alifunga Ghala.

Kisa chenyewe si kigumu. Mzee Chabani anakutwa amekufa kwa sumu ghalani, kikombe kitupu kando yake, mlango umefungwa kwa nje. Waliobaki ni watu watatu: mkewe Bi Yasmina; mpima kahawa wake, ambaye marehemu alimlea tangu utotoni; na Ilyasi, mtoto wa ndoa ya kwanza, anayerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi kuja kumlilia baba yake. Muuaji alikuwa mpima kahawa, na hilo lilitakiwa kujulikana mwishoni kabisa. Sisi tulijua na tulikatazwa kusema. Mke wangu alininunia mwezi mzima.

Tulirekodi Muyinga, mtaa wa Waswahili, kwa sababu familia ya Mzee Chabani ni ya mtaa ule, na kwa sababu Hidaya anakaa pale. Hidaya ni fundi cherehani. Hakuwahi kuigiza, ila ana uso ambao hata ukinyamaza unasema, na Anatoli alimpa nafasi ya Bi Yasmina alipomwona anabishana na mteja bila kufungua mdomo. Mafuta ya gari yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, hivyo tulikwenda tulipoweza, tukarekodi haraka haraka, na sehemu ya wiki hii ikaonyeshwa wiki inayofuata.

Katika sehemu ya pili, Ilyasi anaingia nyumbani kwa mara ya kwanza. Mama wa kambo anamkaribisha, anamimina umutobe, yale maji matamu ya ndizi yasiyolevya, anampa, kijana anakunywa. Basi. Kwetu mtu akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako ndipo akupe. Ni heshima, na ndani ya heshima kuna ushahidi: nimekunywa mimi, kunywa na wewe. Jambo hilo Kasilda hakuliandika katika maandishi yake, kwa sababu hakuna mtu anayeandika kwamba fulani anapumua. Anatoli alikuwa anaangalia mwanga wa dirishani. Mimi nilikuwa nasikiliza jogoo. Na Hidaya alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Akamimina, akampa kijana, glasi haikugusa midomo yake.

Alhamisi ile tuliitazama uani kwa mjomba wake Hidaya, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Glasi ilipotoka mkononi mwa Bi Yasmina kwenda mkononi mwa Ilyasi, uani pote palikuwa kimya. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akasema taratibu, "Hakuonja." Ikawa kama mtu kafungua bomba. Ni yeye. Sumu ya mume katia yeye, na sasa anammaliza mtoto. Watu waliinuka wakachukua vigoda vyao wakati sehemu ilikuwa bado inaendelea. Kesho yake, Gitega, mwenye pikipiki aliyenibeba alinieleza muuaji ni nani bila mimi kumwuliza, akaongeza kwamba hataangalia tena, kwani iliyobaki ni ya nini?

Hidaya alilia aliponielezea. "Mi nilikuwa nafunga, kaka," akasema. "Kujifanya naonja na sionji, niliona haya mbele ya Mungu. Sikujua itakuwa hivi." Nikamwambia kosa ni letu sote, macho yote yale na hakuna hata moja lililoona. Lakini aliyebeba mzigo ni yeye. Mwanzoni wateja wake walimtania, akiwapa chai wanamwambia aonje kwanza, wanacheka na yeye anacheka. Baadaye mama mmoja akaja kuchukua gauni, akapewa chai, akaiacha mezani mpaka ikapoa, akaaga. Huyo hakuwa anatania.

Mkuu wa televisheni iliyokuwa ikituonyesha alitupigia simu. Alisema ataonyesha sehemu ya tatu, na watu wasiporudi atatafuta kitu kingine cha Alhamisi. Tukakutana Gitega, karibu na soko, mbele ya brosheti, mishikaki ya kwetu, ambazo hakuna aliyekuwa na hamu nazo. Anatoli alikuwa na jibu tayari, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa.

"Bon, mwalimu, si iko rahisi?" akasema. "Watu wanasema ni Yasmina aliua. Na sisi tunasema ni yeye. Tunaongeza polisi, tunaongeza mbio kidogo, inaisha."

Kasilda alisema Yasmina hakuua.

"Mais Yasmina haiko mtu, mwalimu."

"Kwako," akasema Kasilda. Kisha akaniuliza kama Jumamosi ningeweza kumpeleka Gishubi kwa mama yake. Nilidhani amekasirika anataka kwenda kupumzika. Nikatafuta mafuta, na ninavyojijua, nililalamika njia nzima.

Mama Vumilia alitupokea vizuri sana. Akatupikia maharage na ndizi, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Nilipomaliza kula nikawa nasubiri maji, kwa adabu, kama mgeni. Hayakuja. Yeye akaendelea kuongea habari za mvua. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye mtungi uliokuwa pembeni, akasema vikombe viko juu yake. Nikainuka nikajitekea, na moyoni nikasema, loo, huyu mama.

Ndipo Kasilda akamwambia mama yake kilichotupeleka. Alimweleza tamthilia nzima, hata muuaji, na ile glasi, na anachotaka Anatoli. Halafu akamwomba ruhusa ya kuandika yaliyompata mama huyo. Mama akanigeukia mimi, akanisimulia, kwa Kiswahili chake kizuri cha Tanzania, bila haraka.

Waliporudi kutoka kambini walimkuta jirani, Kasiano, analima sehemu ya shamba lao. Hawakugombana sana, waliitwa wazee na serikali, shamba likagawanywa, kila mtu akapanda mihogo yake. Mama yake Kasiano alikuwa mzee na mgonjwa, akawa anakuja kuota jua kwa Vumilia, wanakunywa umutobe pamoja. Mwaka huohuo akafariki. Hakuna aliyemshtaki Vumilia. Ilikuwa tu kwamba katika misiba na harusi, akishika kikombe ampe mtu, watu waliangalia mkono wake. Akionja, wanasubiri aonje tena. Kuna wanaosema lisemwalo lipo. Mimi methali hiyo naijua na ninasema imewaonea watu wengi, wanawake hasa. Vumilia alionja, akaonja tena, mwaka wa kwanza, wa pili, na siku moja akachoka. Akaweka mtungi pembeni na vikombe juu yake. Mwenye kiu na ajitekee.

"Sijampa mtu kinywaji kwa mkono wangu tangu wakati huo," akasema. "Hata huyu mwanangu."

Kasilda alikuwa anaangalia chini. Nilielewa wakati ule kwa nini alisema "kwako". Kumfanya Yasmina muuaji kungekuwa kusimama mbele ya watu wote na kusema kwamba waliouangalia mkono wa mama yake walikuwa na haki. Nami nikaona haya kwa kile nilichosema moyoni nikiwa nateka maji.

Mama Vumilia akawafukuza kuku walioingia ndani. Kisha akamwambia binti yake aandike. "Ila usiniandike nalia," akasema. "Sikulia. Nilikuwa na kazi."

Kasilda aliandika Jumapili baada ya kanisa, akiwa amekaa mlangoni kwa mama yake, na Jumatatu akanipa niisome. Nilisoma nikadhani imepungua. Hapakuwa na polisi wala mbio. Palikuwa na mwanamke anapembua mchele, na kijana amesimama.

Tulipofika Muyinga, Anatoli naye alisema hivyohivyo. Alitaka Hidaya alie, alitaka muziki. Kasilda hakubishana. Alimpa Hidaya ungo, akamwambia achague mawe kwenye mchele kama anavyochagua kwake, na asimwangalie kijana mpaka aone jiwe. Nikavaa vifaa vyangu vya masikioni. Majogoo wa Muyinga, kwa mara ya kwanza katika historia, walinyamaza. Nilisikia mchele ukitembea juu ya ungo, na sauti ya Ilyasi ikiuliza kwa nini siku ile hakuonja, mtaa mzima unasema alitaka kumuua.

Bi Yasmina akapembua kwanza. Kisha akasema hivi:

"Tangu niolewe nyumba hii naonja. Nimeonjea wageni, nimeonjea mawifi, nimeonjea mpaka majirani waliokuja kuomba chumvi. We ulipoingia pale mlangoni nikasema, huyu si mgeni. Mama haonjei mtoto wake."

Akatoa jiwe, akalitupa. Kijana alikuwa amebaki amesimama. Akasema, "Na mi nilikunywa." Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuchagua mawe naye.

Anatoli hakusema kata. Alisahau. Mimi nilikuwa nalia ndani ya vifaa vyangu, na mtu wa sauti akilia ni hatari, kwa sababu kipaza sauti hakichagui. Ukisikiliza vizuri mwisho wa onyesho lile utasikia mtu anavuta kamasi. Anatoli alitaka kuondoa, baadaye akasema iache. Ni muungwana yule, nimemwonea hapo juu. Alimfuata Kasilda akamwambia mbele yetu kwamba alikuwa karibu kuua tamthilia na ni yeye aliyeiokoa.

Sasa angalieni kilichotokea, maana hapa ndipo nilipojifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na fumbo tu: kikombe, mlango, kufuli. Mtu akishadhani amelifumbua, anaondoka na kigoda chake. Baada ya maneno yale ya mchele, Ilyasi anakaa kidogo halafu anauliza swali ambalo halikuwapo katika maandishi ya mwanzo. Anauliza, kama ni hivyo, baba alikunywa kikombe cha nani bila kuonjewa? Maana Mzee Chabani alikuwa mtu mwangalifu, mwenye mali na maadui, asiyegusa kinywaji ambacho mtoaji hajakionja. Na mwenye kutia sumu haonji, kwa hiyo aliyemuua ni mtu ambaye yeye hakumdai kuonja, aliyemhesabu kuwa mtoto wake. Fumbo lote likageuka likasimama juu ya moyo wa mtu. Kosa letu, Hidaya na saumu yake, mimi na jogoo wangu, Kasilda alilichukua akaligeuza nguzo ya nyumba.

Alhamisi iliyofuata uani kwa mjomba wake Hidaya walikuwa wachache. Walipofika kwenye mchele, wachache hao wakaanza kuwaita wengine kwa simu. Yule bibi wa mbele alishika kichwa, akasema tumemwonea mtoto wa watu. Kisha wakaanza kubishana. Mtoto wa kumlea naye si mtoto? Basi ni nani? Wakagombana mpaka wakafukuzwa waende kwao. Yule mama wa gauni alikuja kwa Hidaya asubuhi, hana gauni la kushona wala la kuchukua, akaomba chai. Na mkuu wa televisheni alipiga simu, safari hii akauliza kama tunaweza kurefusha. Kasilda akasema hapana, hadithi ina urefu wake.

Gishubi nako waliiona, dukani kwenye sentari ya biashara, palipo na televisheni ya sola. Mama Vumilia hakwenda. Kasiano alikwenda. Walioketi naye wanasema ilipokwisha aliondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka Kasilda kwao, safari hii bila kulalamika. Tulikuwa tumekaa nje tuliposikia mtu anabisha hodi kwenye ua wa matete. Ni Kasiano, amevaa koti lake la kanisani, mkewe nyuma yake. Wakasalimiana salamu ndefu. Akapewa kiti. Akaulizwa habari za mihogo, akajibu. Kisha akasema, akiangalia mikono yake mwenyewe, kwamba jua ni kali na ana kiu, na kama mama ana chochote cha kunywa, angefurahi akipokea kutoka kwake.

Niliona Kasilda amekaza vidole kwenye magoti. Kisha mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha umutobe na vikombe kwenye sinia. Akamimina. Kasiano akainuka kabla hajaonja, akanyoosha mikono miwili, akasema, "Leta hivyohivyo, mama. Mi sitaki uonje. Nakuamini."

Mama Vumilia akarudisha kikombe kwake.

"Kaa, baba," akasema. "Mimi naonja kwa sababu umekuja kwangu na wewe ni mgeni wangu. Hiyo ni heshima yangu, sikupewa na mtu, na hakuna atakayeninyang'anya tena."

Akaonja, bila haraka, akampa. Kasiano akanywa mpaka mwisho, na alipokishusha kikombe macho yake yalikuwa mekundu. Mkewe naye akaonjewa, akanywa. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, na sikuona aliyeyahitaji.

Kisha mama akamimina cha Kasilda, akampa binti yake bila kukigusa. Kasilda alikishika kwa mikono yote miwili na hakuweza kunywa mara moja. Mimi nikageukia upande wa shamba nisionekane namwangalia. Nilipogeuka tena, kikombe changu kilikuwa mbele yangu, kimejaa mpaka ukingoni, mama ameshanyoosha mkono anangoja nikipokee. Nikasubiri aonje. Hakuonja.